Simu ndiyo iliyomtaja

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo wewe na wanangu? Huku tu wazima, mama anakusalimu sana. Najua umeshangaa kupokea bahasha, sisi tunaopigiana simu kila siku. Nimekusudia. Sitaki namba yako ionekane kwenye simu yangu mpaka haya yaishe.

Wiki iliyopita niliitwa kituo cha polisi. Kituo sikitaji. Nikajua ni ile habari niliyoiandika gazetini ya vizimba vya soko, walivyogawiwa watu wasiouza hata fungu la nyanya, na kweli ilikuwa hiyo. Nilikwenda nimejiandaa: wakiniuliza nani kakupa, nitasema mwandishi hamtaji mtu wake, wanilaze ndani wakitaka. Shoga yangu, hawakuniuliza. Afande alivuta droo akatoa bunda la karatasi, akaanza kulipekua mbele yangu kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, sekunde, na mnara uliobeba simu. Miezi mitatu ya maisha yangu. Namba moja imepakwa wino wa kijani kila ilipotokea. Tarakimu mbili za mwisho zilinitosha kujua ni ya nani.

Ni yule mama karani niliyekusimulia. Alinipa ile orodha ya waliogawiwa vizimba kwa uchungu, maana anawajua wajane walionyang'anywa vizimba vyao. Nilimwapia kwa Mungu kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu, na halikutoka. Simu ndiyo iliyomtaja. Siku ya tatu akatakiwa ofisini kwao ajieleze. Juzi nimekutana naye kituo cha mwendokasi Magomeni, akainamisha kichwa akanipita kama hatujuani. Kituoni sikulia. Pale Magomeni nililia.

Na hakuwa peke yake kwenye zile karatasi. Mama yangu alikuwemo, zile simu za saa nane usiku baba alipokuwa amelazwa. Wewe ulikuwemo. Daktari wangu alikuwemo, kwa jambo ambalo hata mume wangu nilichukua mwezi mzima kumwambia. Afande hakusikia neno letu hata moja, na hakuhitaji kusikia. Ukishajua mtu anampigia nani, saa ngapi, yuko wapi, umeshaingia chumbani kwake.

Unakumbuka Januari 2020 tulivyosota kwenye foleni Kariakoo, kusajili laini kwa kidole kabla hazijafungwa? Tuliambiwa ni kuwabana matapeli, nami niliunga mkono kwa sababu mama alishalizwa. Bado naunga mkono. Mwizi na mtekaji watafutwe kwa simu zao. Lakini kumwinda karani aliyesema kweli kuhusu vizimba!

Namfikiria sana Maxence Melo wa Jamii Forums, ule mtandao wa mijadala. Desemba 2016 alikamatwa, akapandishwa mahakama ya Kisutu, kwa sababu polisi walitaka taarifa za watu waliokuwa wakiandika kwake naye akagoma kuzitoa. Aliteseka, kesi zikamfuata miaka. Lakini angalau yeye aliombwa, akapata nafasi ya kusema hapana. Mimi sikuombwa chochote. Hapana yangu niliyoiandaa usiku kucha nimerudi nayo nyumbani.

Hata Uingereza wameyapitia. Mwaka 2012 waziri Andrew Mitchell aligombana na askari kwenye geti la Downing Street, anakokaa waziri mkuu wao, gazeti la The Sun likaandika, na polisi wa London wakachukua rekodi za simu za mhariri wake wa siasa, Tom Newton Dunn, bila kupita kwa jaji na bila yeye kujua. Ilikuja kujulikana 2014. Walipochunguza wakakuta si yeye tu: ndani ya miaka mitatu vikosi 19 vya polisi vilikuwa vimeomba rekodi za namna hiyo mara 608, na waandishi 82 waliguswa. Kelele zilipigwa, na tangu 2015 polisi wa kule wakitaka kumfikia mtoa habari kupitia simu ya mwandishi, wapite kwanza kwa jaji. Nami nataka hilo hilo, mtu mmoja asiye polisi awaulize: mnaitakia nini?

Kwani sisi hatuna sheria? Katiba yetu, ibara ya 16, inataja kwa maneno yake hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu. Ibara ya 18 inasema mtu asiingiliwe katika mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na tume yake ipo. Nimeanza kuandika malalamiko yangu kwao.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Shemeji ni wakili, muulize: kampuni ya simu ilipewa karatasi gani hata ikatoa yote yale, nani aliisaini, na mimi nadai nakala yake kwa njia ipi? Nilimuuliza afande, akasema hayanihusu. Yananihusu. Na kama shemeji anaweza kusimama na yule mama karani, gharama tutachanga, hata kwa kuuza cherehani yangu.

Bahasha nampa kondakta wa basi la kesho la saa kumi na mbili asubuhi, pale Mbezi. Mfuate Msamvu, atakuwa nayo mkononi. Jibu langu mpe yeye yeye jioni akigeuza.

Ni mimi shoga yako wa Tabata