Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Kunguru weusi hawamalizwi kwa kampeni ya miezi mitatu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Dar es Salaam.

YAH: KAZI YA KUDUMU YA KUPUNGUZA KUNGURU WEUSI KATIKA HALMASHAURI TANO ZA MKOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaokuandikia ni watu wa ndege, wa mitego na wa taka. Hatuna haja ya kukueleza kwamba kunguru wanakera; kelele zao unazisikia mwenyewe kila alfajiri. Tunachotaka kusema ni kwamba vita dhidi yao vimeanzishwa zaidi ya mara moja katika jiji hili, mitego ikatengenezwa, sumu ikawekwa, picha zikapigwa, kisha fedha zikaisha na kazi ikasimama. Ombi letu ni kazi ndogo isiyokatika, yenye kifungu chake katika bajeti ya kila halmashauri, badala ya kampeni kubwa inayozimika.

Kunguru huyu, Corvus splendens kwa jina la kitaalamu, kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka alizila, na hakuishia hapo: mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya watu, samaki walioanikwa. Leo yuko pwani yote na ameshafika Morogoro. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2024, kupitia shirika lao la wanyamapori, walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Nasi Tanzania tunao Mkakati wa Taifa wa viumbe vamizi wa 2019 hadi 2029. Kwa hiyo sera ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa maji kunguru wa chambo, wale hai wanaoachwa mtegoni kuwavuta wenzao, Jumapili mchana.

Hilo la chambo tutalirudia. Kwanza tueleze kwa nini kuacha kazi katikati ni hasara kuliko kutoianza.

Idadi ya kunguru inafuata chakula. Ukiua nusu ya kunguru wa Kariakoo na mabaki ya chakula yakabaki vilevile, kila aliyesalia amepata sahani mbili. Jike aliyeshiba hutaga mayai manne au matano, na makinda ambao zamani wangekufa kwa njaa sasa wanaruka wote. Tena hao waliosalia ndio wajanja. Wameona wenzao wakinaswa, wanaujua mtego, wanaijua hata gari ya mpiga bunduki. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kampeni fupi inachofanya ni kuwaua majasiri na kutuachia waoga watutagie. Mjini Zanzibar hili lilikwishaonekana: mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipunguzwa sana kwa mitego na sumu, mradi ulipokoma wakajaa upya.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, nusu ya kazi haiko kwa watu wa ndege kabisa. Iko kwenye mikataba ya wakandarasi wa taka. Kunguru hula zaidi alfajiri, mara tu wanapotoka malaloni. Taka za baa na mama lishe hutolewa nje usiku, kwenye mifuko ya plastiki, na gari hupita saa nne au saa tano asubuhi. Kwa saa nne nzima mifuko ile ni meza iliyoandaliwa. Mkataba ukitaka gari lipite kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwenye mitaa ya baa na masoko, umeshaondoa mlo mkubwa wa siku bila kuua ndege hata mmoja. Vizimba vya taka visivyo na paa viwekewe wavu juu na mlango unaojifunga wenyewe, kwa maana mlango unaosubiri kufungwa na mtu haufungwi. Pale Feri, matumbo ya samaki yaingie kwenye mapipa yenye vifuniko wakati uleule samaki anapoparuliwa, yasisubiri kufagiliwa. Machinjio ya Vingunguti vivyo hivyo kwa damu na mabaki ya utumbo. Na kwenye dampo la Pugu, kifusi kimwagwe juu ya taka mbichi kila siku jioni. Safu ya sentimeta 15 iliyoshindiliwa inatosha kumnyima kunguru mlo wa asubuhi.

Sasa mtego. Unaofaa ni mtego wa ngazi, na fundi yeyote wa mabanda ya kuku anaweza kuutengeneza: urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 2, fremu ya mbao za mbili kwa mbili, pande zote waya wa kuku. Paa lake halifanani na paa la nyumba. Linabonyea katikati kama herufi V, na chini kabisa ya V hiyo hulazwa ngazi yenye nafasi za sentimeta 15 hivi kati ya kipande na kipande. Kunguru hutua kwenye ngazi, akachungulia chakula na wenzake walioko chini, akakunja mabawa na kudondoka ndani. Kutoka hawezi, kwa sababu kuruka juu kunataka mabawa yaliyokunjuliwa, na yakikunjuliwa hayapiti kwenye upenyo.

Ni kitu rahisi, lakini huharibiwa kwa mambo madogo. Fundi akipanua nafasi ziwe sentimeta 25 ili “waingie vizuri”, watatoka vizuri pia. Vijiti vya kutulia vikifungwa chini ya ngazi, kunguru hupanda kijiti, akarukia ngazi na kujivuta nje kwa miguu. Vijiti vikae kwenye pembe, mbali na katikati. Mtego ukiwekwa kichochoroni kwa kuogopa wezi, kunguru hawauoni. Ukiwekwa wazi bila uzio, waya wake unaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mahali pazuri ni uwanja wenye mlinzi ambapo kunguru tayari wanakula: nyuma ya jiko la hoteli, ua wa machinjio, pembeni ya soko.

Mtego mpya usifungwe siku ya kwanza. Mlango wake wa pembeni uachwe wazi siku nne au tano, chakula kikiwa ndani, mpaka kunguru wazoee kuingia na kutoka kwa miguu. Ndipo ufungwe. Wanaonaswa kwanza wasiuawe wote: watano hadi wanane hubaki ndani kuwa chambo hai, kwa kuwa kunguru humwamini kunguru kuliko anavyoiamini nyama. Chambo hao wanataka maji safi mara mbili kwa siku, chakula kila siku, na kipande cha turubai au makuti cha kuwakinga na jua. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Kwenye kazi hii inabidi afugike.

Hapa ndipo mitego mingi ilipofia. Fedha za kununua mbao hupatikana. Posho ya mtunzaji haipatikani. Mtunzaji akikosa kuja siku mbili, chambo hufa kwa kiu, mizoga inaoza ndani, na kunguru walio nje wanaitazama. Baada ya hapo unaweza kuweka nyama ya fileti, hawashuki. Ukiwa na bajeti ya mitego hamsini bila watunzaji, tunakuomba uwe na kumi yenye watunzaji.

Kuwatoa waliokamatwa kufanyike baada ya jua kuzama, kiza kikiwa kimeingia, kwa glavu na barakoa. Kunguru gizani hutulia, na wenzake wakiwa malaloni hawaoni kinachotendeka. Shingo ikivunjwa na mtu aliyefundishwa, ndege hufa papo hapo. Kumtupa kwenye gunia afe mwenyewe ni ukatili na pia ni kelele. Mizoga ifukiwe au ichomwe, isitupwe kizimbani. Na ndege wengine wote waachiwe, hasa kunguru wa asili. Tofauti ni rahisi: mvamizi ni mdogo, mweusi mwenye shingo na kifua vya rangi ya majivu, wa kwetu ni mkubwa na amevaa fulana nyeupe kifuani. Mtunzaji asiyejua tofauti hiyo asikabidhiwe ufunguo.

Sumu ina nafasi yake, ila tunaomba isiwe neno la kwanza. Ile inayotumika kwa kunguru duniani, DRC-1339, huua polepole kwa kuharibu figo. Ndege hula asubuhi na kufa siku moja au mbili baadaye, mara nyingi akiwa malaloni. Uzuri wake ni kwamba kunguru haihusishi sumu na chakula kilichomdhuru. Ubaya wake ni kwamba kuku, njiwa na tetere nao huathirika vibaya. Hivyo huwekwa na watu wenye kibali tu, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, baada ya siku kadhaa za kuwazoesha kunguru nyama isiyo na sumu mahali palepale, wakati uleule. Siku hizo anayeweka chambo huhesabu wanaokuja na wanaokula. Siku ya sumu, vipande viwe kulingana na hesabu hiyo, mtu asimame palepale akitazama, na kilichobaki kiokotwe chote. Dawa yenyewe huharibika upesi juani, kwa hiyo ya kuchanganya jana haifai leo. Wananchi wa jirani waambiwe mapema wafungie kuku wao, na waelezwe kwamba wataona kunguru wamekufa chini ya miti kesho yake. Wasipoambiwa, simu zitaanza kupigwa redioni kwamba kuna ugonjwa wa ndege umeingia mjini. Na mtu anayechanganya sumu ya panya au dawa ya shambani kwenye nyama achukuliwe hatua. Huyo anaua mbwa, paka na mwewe, na siku moja ataua mtoto.

Viota ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Kunguru wetu hujenga zaidi kuanzia Septemba na kuendelea miezi ya joto, kwenye miembe, miarobaini, mikungu, minara ya simu na nguzo za umeme. Kosa la kawaida ni kubomoa kiota kikiwa kitupu: anajenga kingine upesi, juu zaidi. Ngoja atage, kisha toa mayai na kiota pamoja. Mayai hulaliwa siku 16 au 17, na makinda hukaa kiotani wiki tatu hadi nne, yaani kutoka yai hadi kuruka ni zaidi ya siku 35. Timu inayozunguka mtaa mmoja kila baada ya siku 21 itakikuta kila kiota kikiwa na mayai au makinda kabla hawajaruka. Inahitaji ngazi ndefu, fimbo yenye ndoano, kofia ngumu, na barua ya ushirikiano kutoka TANESCO kwa viota vya kwenye nguzo, kwa sababu vingi vimesokotwa kwa vipande vya waya. Kwenye nguzo ya umeme asipande mtu asiye wa TANESCO, hata kama anasema amezoea.

Kulipa watu kwa kila kunguru wanayemleta hatukushauri. Bei ikiwa ndogo hakuna anayejisumbua, ikiwa kubwa wataletwa kunguru wa asili na kunguru wa Bagamoyo.

Na bila kuhesabu, yote haya ni kubahatisha. Ripoti nyingi hujisifu kwa idadi ya waliouawa, wakati kipimo ni waliobaki. Kunguru hulala pamoja na hufuata njia zilezile wakirudi. Watu wawili kwa kila malalo, mara moja kwa mwezi, kutoka saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja usiku, wanahesabu wanaoingia, mmoja akitazama upande mmoja na mwenzake wa pili. Karatasi na kalamu zinatosha. Wakipungua miezi mitatu mfululizo, endelea. Wakibaki palepale, kuna chakula kipya mahali, katafute.

Halmashauri moja peke yake haiwezi. Kunguru anayelala Kigamboni anakula Feri. Anayefukuzwa Ubungo anahamia Kibaha. Ndiyo maana tumekuandikia wewe, mwenye kauli juu ya Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kwa pamoja, na unayeweza kuzungumza na mwenzako wa Pwani na wenzetu wa Zanzibar. Tunaomba pia ujumbe upelekwe bandarini na kwenye stesheni za reli bara. Ndege huyu husafiri na meli: mwaka 1994 wachache walifika Uholanzi kwa njia hiyo, na kuwaondoa kulichukua miaka. Kwenye mji ambao bado ni safi, kunguru wawili wa kwanza ni kazi ya asubuhi moja kwa ofisa wanyamapori mwenye bunduki. Wakishakuwa mia mbili, mji huo nao utahitaji barua ndefu kama hii.

Tunaomba kikao na wakurugenzi wote watano kabla makisio ya bajeti inayoanza Julai hayajafungwa, ili watunzaji wa mitego na timu za viota wawe kazini ifikapo Septemba. Mchoro wa mtego, fomu ya kuhesabia na orodha ya malalo tunayoyajua tutakuja navyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wadau wa ndege na mazingira, Dar es Salaam.

Nakala: Wizara ya Maliasili na Utalii, Wakurugenzi wa Halmashauri za Mkoa wa Dar es Salaam.