Kichwa cha Sato: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Kadi ya mchango imenifikia. Imeletwa na mtu wa kamati kwa WhatsApp, na namba ya mweka hazina, na kiwango cha singo na cha dabo, kana kwamba mimi ni jirani wa mtaa wa tatu. Nimeitazama siku mbili. Picha umependeza, suti imekukaa. Nikasema nikupigie, nikashindwa. Basi naandika hapa, maana najua unapita hapa usiku ukikosa usingizi, na wewe tangu utoto hulali.

Sina kinyongo na harusi. Kinyongo changu unakijua kilipo: kwenye ule mgahawa mdogo wa Kithai, mteremko wa Isamilo hapa Mwanza, meza ya dirishani.

Usiniambie "dada, yale yameisha." Kwako yaliisha kwa sababu uliondoka na ndege ya alfajiri. Mimi nilibaki na Mama.

Nia yako ilikuwa njema, hilo naliandika mbele ya watu. Ulikuwa umerudi kutoka Bangkok na mzigo wa nguo, Kariakoo imekuchangamkia, ukasema Mama naye aonje vitu unavyokula huko. Ukatuma kijana na gari ampokee kwenye kivuko cha Kamanga. Alivaa kile kitenge cha bluu. Kiatu kilimbana, akakivua chini ya meza. Wewe hukuona, mimi niliona.

Na alifurahi, unakumbuka? Alisikia kinu jikoni akauliza nani anatwanga usiku wote huu. Kumbe ni saladi ya papai bichi. Papai lile lile ambalo sisi tunalitia kwenye nyama ngumu ilainike, wao wanalichana nyuzinyuzi, wanaliponda kinuni na pilipili, ndimu, sukari, karanga na uduvi mkavu. (Uduvi! Mtu niliyekaa Mwaloni Kirumba miaka kumi na mbili nauza dagaa, roho iliniuma kuona kazi ya dagaa inafanywa na uduvi.) Supu ilipokuja Mama akanusa mvuke, akasema, "Hii si chai ya mchaichai?" Mhudumu akacheka, nikacheka, hata wewe ulicheka. Uchachu wa ndimu ulimfumbisha jicho moja, akarudia kijiko cha pili, na cha tatu.

Kisha akaletwa sato. Mzima, amepakwa chumvi ya mawe mwili mzima akachomwa hivyo hivyo, mchaichai umejazwa tumboni. Ukibandua ngozi na chumvi yake, nyama chini ni nyeupe, bado ina majimaji, unachovya kwenye pilipili ya ndimu na kitunguu saumu. Mama aliweka uma pembeni, akavuta kichwa. Mdogo wangu, tumekula sinia moja mimi na wewe. Miaka yote kichwa kilikuwa cha Baba. Baba alipofariki ndipo kikawa cha Mama, na hakuna aliyewahi kumwomba. Akaanza na shavu, akaja kwenye jicho, akawa ananyonya mifupa, taratibu, kwa sauti.

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Walikuwa wawili tu. Nimewahesabu mara nyingi.

Ukasema, "Toa hii." Hukumwambia Mama, ulimwambia mhudumu. Sahani ikaondoka na kichwa kilicholiwa nusu. Ukachukua tishu ukamfuta Mama vidole, kimoja kimoja, kama mtoto aliyeshika uji. Ukawa unamwelekeza: Wathai hula wali kwa kijiko na uma, uma unasukuma, kijiko ndicho kinachokwenda mdomoni. Mama akashukuru kwa Kisukuma, "Nimeshiba, baba. Wabeja." Wali wake hata haukuguswa.

Sasa unaoa, na mimi ndiye mkubwa wako, wacha nikuase. Mama mkwe wako akikaa mezani kwako, mwache ale anavyokula. Na usimrekebishe mtu mzima kwa kumpitia mhudumu. Najua utauliza, "Na wewe dada ulikuwa wapi?" Nilikuwa kulia kwako. Ningesema nini? Ada ya mwanangu ilikuwa imetoka mfukoni mwako wiki moja kabla. Bili unalipa wewe. Tena siku ile nilikuwa nimeamka saa tisa usiku kupokea dagaa wa Ukerewe, mwili hauna kitu. Na ni mimi niliyemrudisha Mama nyumbani, nikamkorogea uji, akanywa vikombe viwili, kwa hiyo pale hakuwa ameshiba. Mimi nilifanya la kwangu. Yule samaki aliyebaki, ndiyo, nilimmaliza. Wewe ulikuwa nje unaongea na simu. Nilimla mpaka mgongo ukabaki mweupe, tena kwa uma.

Miezi minne baadaye tukamzika. Niliyoyasema makaburini mbele ya wajomba, kwamba aliyempokonya Mama chakula asishike koleo, sikupaswa kuyasema pale. Ninachojutia ni pale tu.

Mwezi uliopita nimerudi mle mgahawani peke yangu. Mwenye mgahawa alinikumbuka, akauliza bibi yuko wapi. Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti chako. Akaniambia kwao ni Isan, kaskazini mashariki ya Thailand, na wali wao wa kunata huliwa kwa mkono: unafinyanga tonge, unachovya, unakula na lile papai. Kwa mkono, mdogo wangu. Na sato wanamwita pla nin. Hakuwa wa kwao, alifika 1965, Akihito akiwa bado mwana wa mfalme wa Japani alipompelekea Mfalme Bhumibol samaki 50, wakazalishwa kwenye mabwawa ya ikulu, kisha watu wakagawiwa. Nikamwambia hata huku ziwani huyu sato wa Nile aliletwa tu, miaka ya 1950. Nikamuuliza, na kichwa kwenu mnakula? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina maji.

Mchango nimetuma leo asubuhi. Wa dabo, ingawa nitakuja peke yangu.

Lakini kabla ya harusi twende Sengerema. Siku hizi hakuna kupanga foleni ya kivuko Kigongo, daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3, unavuka hata wimbo haujaisha. Mama hakuwahi kulivuka. Tusafishe kaburi, tulale pale nyumbani. Sato nitanunua mimi, na chumvi ninayo.

Ukiwa tayari nipigie wewe mwenyewe, si mtu wa kamati.

Dada yako