Tukifunga kobalti, tunamfungia nani?

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu kwamba Kongo iifanye kobalti, madini ya betri, kuwa silaha, kama China ilivyoyafanya madini adimu yanayotumika kwenye sumaku za magari na mashine, mpaka wakubwa watupigie magoti. Hapa Lubumbashi hoja hiyo inashangiliwa sana. Mimi siikubali.

Tuitazame China yenyewe. Mwaka 2020 Australia ilipodai uchunguzi wa chanzo cha korona, Beijing haikutangaza vikwazo. Shayiri ndiyo iliyotozwa kwanza ushuru wa zaidi ya asilimia 80, eti inauzwa kwa bei ya kutupa. Mvinyo ukafuata, makaa ya mawe yakakwama bandarini. Lakini madini ya chuma, ambayo ndiyo biashara kubwa kuliko zote kati yao, hayakuguswa, kwa sababu tanuri za China zingezimika. Waaustralia wakapeleka shayiri Saudia, na ushuru ukaja kufutwa 2023 bila Canberra kufuta neno lake.

Aprili 2025, katika vita vya ushuru na Marekani, mambo yakawa mengine. China ilidai vibali vya kuuza nje kwa aina 7 za madini adimu, na baada ya wiki chache viwanda vya magari vya ng'ambo vikaanza kusimama. Ilipofika Oktoba, Trump na Xi wakakaa mezani Korea Kusini. Madini hayo yanachimbwa hata California! Kuyasafisha ndiko kulikobaki mikononi mwa China, karibu kote.

Sasa kobalti. Zaidi ya asilimia 70 ya ile ya dunia inachimbwa kwetu, mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Serikali ilipozuia isitoke Februari 2025, kisha ikaweka kota, yaani kikomo cha kuuza nje, ya tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo 2027, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Hilo nalipongeza. Ila kupandisha bei ni jambo moja, na kumtia adabu mkubwa ni jambo lingine. Kobalti inaondoka hapa ikiwa hidroksidi, yaani haijasafishwa kamili, na kwenda kusafishwa China, na migodi mikubwa kama Tenke Fungurume ni ya Wachina. Ukifunga, wanaendelea kuchimba shaba na kobalti wanairundika ghalani. Indonesia nayo inachimba, tena betri nyingi za magari ya China siku hizi hazina kobalti hata chembe.

Na sisi tunastahimili kiasi gani? Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia bia na soda za kutoka nje, Zambia ilifunga vituo vya mpaka vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Njia inayotoa shaba ndiyo inayoingiza unga wa bukari, ugali wetu. Mazungumzo yakaharakishwa, na mpaka huo ukafunguliwa baada ya siku chache. Jirani tu huyo, wala si Beijing.

Ombi langu ni hili. China ilipobana jeremani (germanium), madini ya vifaa vya elektroniki, mwaka 2023, wanunuzi waliikumbuka terril yetu, ule mlima wa mabaki ya kiwanda unaoonekana toka kila pembe ya mji. Tangu Oktoba 2024 jeremani yake inapelekwa Ubelgiji kusafishwa. Mtumeni mwandishi akawaulize Gécamines, kampuni ya serikali ya madini: itasafishwa lini hapa Lubumbashi, na umeme wa kuisafishia utatoka wapi?

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi