Mhariri, tusihesabu miti tu, udongo nao upimwe

Mhariri salamu, mimi naomba mniwekee hili maana linaniuma sana. Kila siku tunatangaziwa miti imepandwa mingi mjini, picha zinapigwa, basi, lakini hiyo kaboni iliyohifadhiwa ndani ya miti nani anaipima? Na kupima sio uchawi jamani, unachukua futi kamba unazungusha kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini, unapata mzingo, unagawa kwa 3.14 unapata kipenyo, unaingiza kwenye fomula ya aina ya mti huo unapata uzito mkavu, karibu nusu ya uzito huo ndio kaboni, ukitaka uzito wa hewa ya ukaa zidisha hiyo kaboni kwa 3.67. Ila wasichukue tu fomula za msituni, mti wa mjini umekaa peke yake, unapunguzwa matawi, umbo lake tofauti kabisa, hesabu inaweza ikazidi.

Sasa udongo ndio umesahaulika kabisa! Pale Leicester, Uingereza, utafiti wa 2012 uliona kama asilimia 82 ya kaboni ya mji ipo ardhini, nyingine hata chini ya lami. Kwa hiyo mtu akileta greda akachimbua bustani halafu akasema atafidia kwa miche, hajafidia kitu, miche itachukua miongo kukua. Wapimaji wachimbe angalau sentimita 30, wapime na uzito wa udongo mkavu kwa kila ujazo maana bila huo ile asilimia ya kaboni ya maabara haikupi tani ngapi kwa hekta, na warudi sehemu zilezile baada ya miaka kadhaa.