Ng'ombe akifa ghafla, tusikimbilie jina la jirani

Mhariri,

Huku kwetu wilayani Kiryandongo, Uganda, ng'ombe wawili watatu wakikutwa wamekufa malishoni, neno la kwanza ni "wametiliwa sumu", na la pili ni jina la mkulima jirani. Ofisa mifugo akifika, nyama imeshauzwa (na tunaoila ni sisi hapa Bweyale), matumbo yamefukiwa, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anaamua kesi isiyo na ushahidi.

Sikatai, wapo wanaotega sumu. Lakini mtama uliovunwa ukichipua tena baada ya ukame, machipukizi yale huwa na sianidi, sumu kali. Ng'ombe mwenye njaa akiyashiba, anaweza kuanguka palepale, damu yake ikiwa nyekundu ya kung'aa. Amekufa katika shamba la mtu, basi mwenye shamba analala rumande.

Mara nyingine sumu tumeinunua wenyewe. Kupe wamezoea dawa, kwa hiyo mfugaji anazidisha kipimo, au anachanganya na dawa ya wadudu wa nyanya. Ng'ombe anatokwa mate na machozi, mboni zinasinyaa, misuli inatetemeka. Daktari akiwahi na sindano ya atropini, huenda akapona. Akichelewa, anatafutwa adui.

Halafu kuna kimeta (anthrax), ambacho ni ugonjwa wa bakteria, si sumu kabisa. Mzoga uliofura upesi na kutoka damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma usipasuliwe, sembuse kuliwa. Daktari akitoa damu kidogo sikioni, darubini itamwonyesha kama ni kimeta. Tusisahau wilaya ya Kyotera mwaka 2023: watu walikufa huko kabla maabara haijathibitisha kuwa ni kimeta.

Ninaloomba si kubwa. Ofisi ya mifugo ya kila wilaya iwe na vyombo safi, boksi la barafu na nauli ya kufikisha sampuli kwenye maabara za serikali, Entebbe au Wandegeya, bila kuchelewa: ini, figo na majani ya tumboni, kila kimoja katika chombo chake, pamoja na maji waliyokunywa na chupa ya dawa waliyopulizwa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe akiambiwa atoe nauli hiyo mwenyewe, ataona heri auze nyama. Na polisi, kabla ya kumkamata mtu, waulize kwanza ripoti ya daktari iko wapi.

Mfugaji,
Bweyale, Kiryandongo