Mguu Mmoja

Rau, Moshi
Jumapili jioni, Septemba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Mbagala, wewe na Baba Karim na hicho kitumbo cha miezi sita. Nasikia huko habari zimefika kwamba Aika kapooza upande mmoja, na mwingine akaongeza chumvi kwamba nimetupiwa kitu sokoni Kiboriloni. Sijapooza, na hakuna aliyenitupia kitu. Damu iliganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu wa kushoto, basi. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ulikuwa unalia tu, hunisikii. Halafu na wewe Novemba unapanda basi lile lile.

Unakumbuka nilivyotoka kwako wiki ya pili baada ya kuondolewa vile vivimbe vya kizazi. Uliniambia nikae kwanza, nikakujibu wateja wa sare za shule wananisubiri. Saa kumi na mbili asubuhi niko stendi ya Magufuli, siti ya dirishani, begi la vitambaa miguuni. Mshono ulikuwa unavuta, nikajifanya nina akili: sinywi maji, nisije nikahangaika kuchimba dawa porini na kidonda changu. Korogwe watu wakashuka kula, mimi nikabaki nimejikunja juu ya begi. Kilomita kama 560 zile, nilinyanyuka mara moja tu, tulipofika Moshi.

Kumbe nilikuwa napika ugonjwa. Daktari alinieleza kwamba mwili uliopasuliwa huwa na haraka ya kugandisha damu, ndivyo unavyojiziba. Na damu ya miguuni haipandi juu yenyewe, inasukumwa na kigimbi kila unapopiga hatua. Kigimbi kikilala, damu inatuama. Mimi nilivichanganya vyote viwili, na kiu juu yake.

Siku ya nne kigimbi kikaanza kuuma, kama msuli uliokaza usiku ukakataa kuachia. Hapo kila mtu akaupa jina lake. Mama akasema ni baridi ya Moshi imeniingia, nimezoea joto la Dar. Kijana wa duka la dawa akasema msuli, akanipa diklofenaki na dawa ya kuchua. Mimi mwenyewe nikasema uchovu wa safari. Mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi siku mbili mfululizo, kwa nguvu zake zote unazozijua, na mimi nikimhimiza, hapo hapo mama, hapo hapo. Daktari aliposikia alishika kichwa. Mguu wa namna ile hauchuliwi, maana bonge linaweza kumeguka likasafiri na damu hadi kwenye mapafu. Mama sijamwambia hilo mpaka leo, nakuomba na wewe usimwambie.

Kilichoniokoa ni ushonaji. Siku ya sita nimekaa kwenye cherehani, nikaona mkanda wa ndala umeacha mfereji kwenye unyayo wa kushoto, kulia hakuna kitu. Nikaweka mgongo wa kiganja kwenye kigimbi: cha moto, tena kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Watu husema mguu unakuwa mwekundu, lakini kwa rangi yetu hii wekundu utauona wapi? Wangu ulikuwa umeiva tu, kama zambarau. Nikavuta futi shingoni nikapima, kiganja kimoja chini ya goti. Kulia 36. Kushoto 40. Nikarudia, nikadhani nimeshika vibaya. Zuhura, mimi napima watu mwaka wa kumi na tano huu. Mtu hapishani miguu yake mwenyewe kwa sentimita nne. Nikazima taa ya cherehani nikaita bodaboda.

Hospitalini daktari alipima pale pale nilipopima mimi, akasema tofauti ikizidi sentimita tatu wanaichukulia kwa uzito. Akaniuliza mara tatu kama napumua vizuri, kama kifua kinachoma nikivuta pumzi, kama nimekohoa damu. Sikuwa na hata kimoja. Hivyo ndivyo vya kukimbia navyo usiku huo huo, hata kama ni saa nane, bila kungoja kupambazuke.

Kisha altrasaundi. Nilidhani ni ya wajawazito tu! Wanapaka ile jeli ya baridi, halafu wanabonyeza kile kifaa kuanzia kwenye kinena wakishuka. Mguu wa kulia, kila wakibonyeza, mshipa unafumba kama mdomo. Kushoto, nyuma ya goti, wakabonyeza, haukufumba. Ulibaki wazi kama jicho linalonitazama. Hakuna aliyesema neno, ila niliona mwenyewe.

Nilianza na sindano za kuzuia damu kuganda, nyembamba, za tumboni. Nikafundishwa kujichoma mwenyewe. Sasa niko kwenye vidonge vya warfarini, miezi mitatu kwa kuanzia. Haviyeyushi bonge, hiyo kazi mwili unaifanya wenyewe polepole. Vyenyewe vinalizuia lisikue. Kila mara napimwa damu inavyoganda, kipimo kinatakiwa kisome kati ya 2 na 3. Diklofenaki nimekatazwa kabisa, na mboga ya mnafu nile kwa kiasi kile kile kila wiki, nisije nikala sufuria nzima leo halafu mwezi mzima nisiuguse. Kaka yangu kasoma mahali kwamba warfarini iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, akataka kuitupa. Ni kweli, lakini tangu 1954 inatibu watu. Nikamwambia basi mimi ni panya wa hospitali, niache.

Sasa wewe. Mimba yenyewe inaifanya damu iwe rahisi kuganda, na wiki sita baada ya kujifungua ndiyo hatari zaidi. Miguu yote miwili kuvimba kwa mjamzito ni jambo la kawaida. Mmoja ukivimba peke yake na kuuma, hasa wa kushoto, usikubali kuambiwa ni mimba tu. Kabla ya safari muulize daktari wako. Ukiruhusiwa, omba siti ya njiani, kunywa maji, chimba dawa mara kumi wakucheke. Ukifika Machame najua mama mkwe atataka ulale miezi mitatu ukiletewa mtori na kisusio kitandani. Kula mtori wote, usibakize, lakini unyanyuke, uzunguke kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Mweleze kwa adabu, atakuelewa. Yule mama ni mwelewa kuliko mwanawe.

Ndani ya bahasha utakuta futi, ile ya njano niliyokuwa nayo siku ile. Nimetia alama ya wino pale kwenye 36. Yako itasoma namba nyingine, pima miguu yote miwili leo uandike pembeni. Usimpe Karim achezee.

Ni mimi wako,
Aika