Huyo wa Nyuma Pichani Anaitwa Hattie McDaniel

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu picha mliyoichapisha wiki mbili zilizopita kwenye makala ya filamu za zamani. Pichani kuna wanawake wawili. Mmoja ameshikilia nguzo ya kitanda, kiuno chembamba; mwingine amesimama nyuma yake anamkaza kamba za koseti, vazi la kubana kiuno. Chini mmeandika: "Vivien Leigh na mtumishi wake."

Huyo wa nyuma anaitwa Hattie McDaniel. Filamu ni Gone with the Wind ya mwaka 1939, na kwa kazi aliyoifanya humo alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Vivien Leigh, mwigizaji mkuu wa kike wa filamu hiyo, naye alipata yake usiku uleule. Kwa hiyo wote wawili mliowaweka pichani ni washindi wa Oscar, na mmoja tu mmempa jina.

Sikuandika siku ileile kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Nimefanya kazi za ndani miaka 19. Nimeitwa yaya, nimeitwa dada, nimeitwa hausigeli, na katika nyumba moja niliyokaa miaka saba hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jina la baba yangu. Siku ya kuondoka nilipewa picha ya ukumbusho: mtoto niliyemlea anakata keki, wazazi wako kando yake, mimi niko nyuma na sahani mkononi. Mama wa nyumba alikuwa ameandika majina ya watu wote nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Langu halimo. Nilipoyasoma maneno yenu nilikwenda kabatini nikaitoa picha ile, nikaziweka mezani zote mbili.

Filamu yenyewe niliionea katika nyumba hiyohiyo, kwenye deki ya video, nikiwa napiga pasi. Ni ndefu, karibu saa nne, na nguo siku hiyo zilikuwa nyingi, basi nikaiona yote. Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Lakini kuna mahali, mwishoni mwishoni, Hattie anapanda ngazi pamoja na mwanamke mwingine akimsimulia msiba ulioingia nyumbani: mtoto amekufa na baba yake hataki azikwe. Anapanda, anasimama, anafuta machozi, anaongea, anapanda tena. Nilisahau pasi juu ya shati, kola ikaungua. Yule anayemsikiliza pale ngazini ni Olivia de Havilland, naye alikuwa akiwania tuzo ileile. Ilikwenda kwa Hattie, na mtu yeyote aliyeiona ngazi ile hatauliza kwa nini.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu yake. Alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, kitinda mimba katika watoto 13. Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa, na baadaye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe akapigana upande wa Kaskazini, dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini. Familia ilihamia Colorado, na ndugu hawa walikulia kwenye majukwaa wakiimba na kuigiza. Hattie alitunga nyimbo zake mwenyewe, akaimba redioni Denver, akarekodi santuri. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alijikuta Milwaukee, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuhudumia choo cha wanawake katika klabu ya usiku. Mwenye klabu hakutaka apande jukwaani. Mwisho akamwachia, akaimba, na kazi ile ya chooni ikaishia hapo.

Mwaka 1931 alikwenda Los Angeles, walikokuwa kaka yake Sam na dada yake Etta, nao waigizaji. Alipata kipindi redioni, ila malipo yake yalikuwa madogo kiasi kwamba aliendelea kufanya kazi za ndani kwa watu. Mhariri, hili nalisema taratibu ili lisikike. Mwanamke mliyemwita mtumishi kwa sababu ya nguo alizovaa kwenye filamu alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo kweli, akiwa hajui kama ataitoka. Ukitazama anavyovuta kamba zile za koseti, utaona mikono iliyozoea. Hakuna aliyemfundisha namna ya kusimama nyuma ya mtu.

Katika filamu zake nyingi jina lake halikuandikwa kabisa kwenye orodha ya waigizaji. Hata mhusika aliyempatia Oscar hana jina lake mwenyewe. Anaitwa Mammy tu, kama walivyoitwa yaya weusi wa Kusini, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo hilo la Georgia, na picha yake ikaondolewa kwenye kijitabu cha maelezo kilichotolewa kwa ajili ya Kusini. Clark Gable, mwigizaji mkuu wa kiume wa filamu hiyo, alitishia kutokwenda. Hattie mwenyewe ndiye aliyemsihi aende.

Makala yenu inamgusa mara moja, katika mstari mmoja, inaposema "mwigizaji mweusi" wa filamu hiyo alikalishwa pembeni siku ya tuzo na "akavumilia kimya." Kukalishwa pembeni ni kweli. Tarehe 29 Februari 1940, sherehe ilifanyika katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikupokea watu weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilibidi amwombee Hattie ruhusa ya kuingia, na Hattie akawekwa kwenye meza ndogo karibu na ukuta, mbali na wenzake. Tuzo yenyewe ilikuwa kibao, maana waigizaji wasaidizi wa miaka ile hawakupewa sanamu.

Lakini kimya? Mwaka 1945 majirani weupe wa mtaa wa West Adams Heights, ambao watu waliuita Sugar Hill, walikwenda mahakamani. Hati za viwanja vya pale zilikuwa na sharti kwamba asiye mweupe asiishi humo, nao wakataka weusi waliokwisha kununua watolewe. Hattie alikuwa na nyumba pale, kubwa, nyeupe, ya ghorofa. Aliwakusanya weusi wenzake wa mtaa, wakiwamo waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters, wakafanya mikutano nyumbani kwake, na wakili Loren Miller akawasimamia. Desemba mwaka huo Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi, akisema wakati umefika kwa watu weusi kupewa bila kuzungushwa haki zote wanazohakikishiwa na marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayotaka sheria imlinde kila mtu sawa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama za nchi nzima haziwezi kutekeleza masharti kama yale, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi hizo.

Miaka yangu yote 19 nililala katika vyumba ambavyo ufunguo wake wa pili ulikaa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kesi ya nyumba ile huwa naisoma tena na tena, kuliko habari ya Oscar.

Najua wapo watu weusi wa wakati ule waliomkasirikia, na walikuwa na sababu. Filamu ile inauonyesha utumwa kama maisha ya raha, ilhali baba yake mwenyewe alizaliwa humo. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, alizibana studio ziache kuwapa weusi nafasi za watumishi peke yake, na alikuwa sahihi kuzibana. Ila naona lawama iliyomwangukia Hattie ilistahili kuwaangukia watu waliokuwa wakiandika nafasi hizo na kukataa kumpa nyingine. Yeye anakumbukwa kwa kusema kuwa afadhali aigize mtumishi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola saba. Wasomi huona aibu wakilisikia jibu hilo. Mimi nilipolisoma nilikaa kitako, kwa sababu ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya kila mwisho wa mwezi, bila ile namba kubwa.

Hata kazi yake ya mwisho ilikuwa ya mtumishi: katika kipindi cha Beulah, redioni kuanzia 1947. Ila safari hii kipindi kilikuwa chake, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mwigizaji mkuu wa kipindi cha redio kilichorushwa Marekani nzima. Kilipopelekwa kwenye televisheni alirekodi sehemu chache tu, saratani ya matiti ikamzuia. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe makaburi ya Hollywood, pamoja na watu wa filamu. Makaburi yakamkataa kwa rangi yake, akazikwa makaburi ya Rosedale. Mwaka 1999 waliweka jiwe la kumbukumbu yake pale Hollywood. Kile kibao cha Oscar alikiachia Chuo Kikuu cha Howard, kikapotea huko, na Oktoba 2023 Chuo cha Sanaa na Sayansi za Filamu, ndicho kinachotoa tuzo za Oscar, kikatoa kingine mbadala.

Sitaki makala mpya, Mhariri, wala sitaki mwandishi wenu akaripiwe. Pengine ameikuta picha na maneno yake hivyohivyo mahali fulani akayachukua. Ninaomba kitu kidogo, sentimita mbili za gazeti. Chapisheni tena picha ileile, ukubwa uleule, na chini yake muandike: Vivien Leigh na Hattie McDaniel.